Sauti niliyoijua: siku yangu na Colossus kule Bletchley

Kabla sijaingia chumba cha Colossus, kompyuta ya Vita vya Pili vya Dunia iliyosaidia kufumbua misimbo ya Wajerumani, sauti nilishaisikia. Rilei, zile swichi za umeme, zinagonga tak-tak-tak, na chini yake mvumo wa utepe unaozunguka. Nikasimama pale pale ukumbini. Binti yangu, aliyenileta kwa gari kutoka Luton, akadhani nimechoka. "Baba, ukae kidogo?" Nikamwambia hapana mwanangu, sauti hii naijua. Miaka 21 nilikuwa fundi wa mitambo ya simu Mombasa, enzi za Posta, na zamu ya usiku nilitambua rafu yenye kasoro kwa kusikiliza tu.

Mahali penyewe panaitwa The National Museum of Computing, ndani ya jengo la Block H, Bletchley Park, kaskazini mwa London, walikokuwa wafumbuzi wa misimbo wa Uingereza wakati wa vita. Mkija, jueni kwamba ile nyumba ya kifahari yenye bustani na ziwa ina tiketi yake, na makumbusho ya kompyuta yana tiketi nyingine na mlango mwingine. Ukiwa na siku moja tu na roho yako iko kwenye mashine, njoo huku. Hawafungui kila siku, kwa hiyo angalia kwanza. Treni ya kutoka Euston, London, inakushusha Bletchley, na kutoka stesheni unafika kwa miguu, hata kwa magoti kama yangu.

Wengi huamini kwamba Colossus ilitengenezwa na mwanahisabati Alan Turing ili kufumbua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Sivyo. Mashine ya Turing na mwenzake Gordon Welchman ya kupambana na Enigma ni Bombe, na nakala yake iko hapo hapo, chumba kingine. Colossus ilijengwa kwa ajili ya Lorenz, mashine ya Wajerumani yenye magurudumu 12, nyingine iliyoficha ujumbe, huu wa makamanda wakubwa. Na aliyeijenga alikuwa fundi wa simu. Tommy Flowers, mtoto wa mwashi kutoka Poplar, mashariki ya London, alikuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza katika karakana yao ya utafiti kule Dollis Hill.

Hapa naomba mnivumilie, maana hiki ndicho kilichonileta.

Kabla ya Colossus walikuwa na mashine iliyosoma tepe mbili za karatasi kwa pamoja, moja ya ujumbe na moja ya mpangilio wa magurudumu. Tepe mbili zikienda kasi haziwezi kwenda sawa, zinavutika, zinachanika. Flowers akasema utepe wa pili wa nini? Mpangilio wa magurudumu uumbwe kwa umeme, ndani ya valvu, zile taa za redio za zamani. Ubaki utepe mmoja tu, wenye mistari mitano ya matundu kama wa teleksi. Pale Bletchley wengi hawakuamini. Kila mtu alijua valvu huungua, sasa mtambo wenye valvu kama 1,600 utasimama vipi? Lakini Flowers alishazitumia kwa wingi kwenye simu kabla ya vita, akajua kinachoziua hasa ni kuwashwa na kuzimwa. Ziwashe, kisha ziache. Niliposoma hayo ukutani nilimkumbuka mkuu wetu wa zamu, aliyetuambia kila siku: kinachofanya kazi usikiguse.

Yeye na wenzake waliijenga kwa muda wa miezi kumi na moja hivi. Mapema mwaka 1944 ilikuwa Bletchley inafanya kazi, ikisoma herufi 5,000 kwa sekunde. Ya pili, kubwa zaidi, yenye valvu kama 2,400, iliwashwa tarehe 1 Juni 1944, siku tano kabla ya majeshi ya Washirika kuvuka kwenda Normandy, Ufaransa. Vita vilipokwisha zilikuwa kumi. Kisha amri ikatoka nyingi zivunjwe, na Flowers akachoma michoro yake mwenyewe kwenye tanuru. Alipewa pauni 1,000, akagawana na wenzake, akarudi kwenye simu, na kwa miaka kama thelathini hakuruhusiwa kusema lolote. Nilikaa kwenye benchi nikalifikiria hilo. Kuchoma michoro ya kazi yako! Fundi yeyote atakuelewa ukilia.

Iliyopo leo ilijengwa upya na mhandisi Tony Sale na wenziwe kuanzia 1993, kwa picha chache na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya mafundi walivificha majumbani mwao. Ilikamilika 2007. Vipuri vingi vilitoka kwenye mitambo ya simu iliyokuwa ikifungwa, na ndiyo maana masikio yangu hayakunidanganya. Imesimama pale pale ilipokuwa Colossus namba 9. Chumba kina joto lake, joto la valvu, nami nilivua koti.

Mzee wa kujitolea aliyekuwa akituongoza alipojua kazi yangu, alinisogeza nyuma ya rafu nione waya zilivyolehemiwa. Tukazungumza rilei kwa nusu saa. Binti yangu akaenda kunywa chai.

Nilimweleza la kwetu pia. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, kikosi cha Waingereza cha kufumbua misimbo kilichokuwa huko kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, kikapewa shule ya Allidina Visram. Nimepita nje ya geti lile maisha yangu yote bila kujua. Mwaka ule ule wakiwa hapo wakaifumbua misimbo ya meli za biashara za Japani, JN-40, kwa sababu mtumaji alisahau jambo kwenye ujumbe, akautuma tena. Na Lorenz nayo ilianguka kwa kosa la aina hiyo: tarehe 30 Agosti 1941 Mjerumani alirudia ujumbe mrefu bila kubadili mpangilio wa mashine. John Tiltman wa Bletchley akautenganisha, na kijana mwenzake Bill Tutte akakokotoa kwa penseli jinsi magurudumu yote 12 yalivyopangwa, hajawahi kuiona mashine yenyewe. Kuna ukumbi wa habari hizo hapo, usiupite.

Vyumba vingine nilivipita haraka, isipokuwa WITCH, kompyuta ya mwaka 1951 ambayo bado inafanya kazi. Inazidisha hesabu moja kwa sekunde kadhaa, na vitaa vyake vya rangi ya machungwa vinazunguka vikihesabu mbele ya macho yako. Kama una mtoto anayedhani kompyuta ni kioo tu, msimamishe hapo. Kuna pia chumba cha BBC Micro, kompyuta ndogo za miaka ya 1980, unaruhusiwa kukaa na kuchapa.

Nawapa nyota tano. Ila usiende bila kumsikiliza mwongozaji. Ukizunguka peke yako utaona vyuma tu. Tenga siku nzima. Mimi nilitumia saa mbili na Colossus peke yake, na Bombe niliiona mlangoni tu wakati tunatoka. Binti yangu ameshaniahidi Jumamosi nyingine.