Leza ya MOPA ya wati 60 kwa rangi kwenye chuma cha pua: nani ainunue, nani aiache

Matangazo ya leza za faiba yamejaa picha za vipepeo wa rangi saba juu ya bamba la chuma cha pua, lakini ni nadra muuzaji kutaja kinachozileta rangi hizo. Si wingi wa wati. Ni uwezo wa kubadilisha urefu wa pigo la leza, yaani muda ambao kila mmweko wake unadumu. Kwenye faiba ya kawaida, ile ya kyuswichi (Q-switch), pigo limefungwa karibu na nanosekunde 100, na utakachopata zaidi ni nyeusi, kahawia na dhahabu iliyofifia. Mashine tunayoizungumzia hapa ina chanzo cha JPT M7 cha wati 60, aina ya MOPA, yaani ile inayokuruhusu kubadilisha pigo, na lenzi inayofunika eneo la milimita 110 kwa 110. Pigo lake unalichagua kuanzia nanosekunde 2 hadi 500, na masafa, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, kuanzia kilohezi 1 hadi 4000. Tofauti ya bei unailipia hapo.

Hakuna wino wala rangi inayopakwa. Joto la leza huotesha utando wa oksaidi juu ya chuma, wenye unene wa makumi hadi mamia ya nanomita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hupata nguvu, kama petroli iliyomwagika kwenye lami yenye maji. Utando ukinenepa kidogo, dhahabu inakuwa zambarau, kisha bluu. Ndiyo maana ukiinamisha bamba rangi inahama. Mteja anayetaka nyekundu kali ya nembo yake aambiwe mapema kwamba kwa njia hii haipatikani.

Mipangilio ya kuanzia, kwa bamba la chuma cha pua cha daraja la 304, lenye unene wa milimita 1, lililosafishwa kwa spiriti: nguvu asilimia 35, pigo nanosekunde 20 hadi 80, nafasi kati ya mistari milimita 0.005, mistari ijazwe kuelekea upande mmoja tu. Kisha tengeneza kadi ya majaribio ya miraba ya milimita 8, mlalo ukibadilisha kasi kutoka milimita 200 hadi 1200 kwa sekunde, wima ukibadilisha masafa kutoka kilohezi 150 hadi 500. Usichome miraba iliyopakana kwa kufuatana. Ruka huku na kule, la sivyo joto la mraba wa kwanza litaharibu usomaji wa wa pili. Namba za mtu mwingine zichukue kama mwanzo tu. Fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na bamba, ikisogea hata nusu milimita, bluu yake kwako inaweza kuwa kahawia.

Subira inahitajika. Mraba wa milimita 20 kwa nafasi ya 0.005 una mistari 4000, yaani mita 80 za kuchoma. Kwa kasi ya milimita 400 kwa sekunde hizo ni sekunde 200, bila kuhesabu muda wa kugeuza vioo. Ukiibana nafasi hadi 0.002 kazi hiyo hiyo inapita dakika 8. Anayepanga bei ya vibati mia moja apige hesabu hii kabla ya kupokea malipo ya awali.

Adui mkubwa ni joto linalolimbikizana. Umbo dogo linapikika kuliko kubwa kwa mipangilio ile ile, kwa sababu leza inarudi mahali pale pale kabla chuma hakijapoa. Herufi nyembamba zinatoka na rangi tofauti na mandhari yake. Bamba la milimita 0.5 linapinda, katikati inatoka kwenye fokasi, na unaona doa la mviringo. Dawa yake ni kulibana juu ya kipande kinene cha alumini kinachonyonya joto, na kuweka mchoro katikati ya uwanja wa lenzi. Alama ya kidole nayo inachomeka pamoja na kazi na haitoki.

Kwa ubora, madaraja ya 304 na 316 yanatoa rangi safi. Kadi ya 304 usiitumie kwa 430, tengeneza nyingine. Vikombe vilivyopakwa rangi ya unga lazima vichomwe hadi chuma kiwe wazi kwanza.

Tusichokubaliana nacho ni wauzaji wanaosema rangi hii ni ya milele. Waya wa kusugulia sufuria unaiondoa, na asidi inaila. Zaidi ya hapo, leza inapokusanya kromiamu kwenye utando, chuma kilicho chini yake kinapungukiwa, na kinga yake dhidi ya kutu inashuka. Kwa Mombasa, Tanga au Zanzibar, kwenye upepo wa chumvi, tusingeweka kibao cha namna hii nje ya mlango. Kwa vito, vishikio vya funguo, vibati vya zawadi na kadi za ndani, inafaa sana.

Kwa programu ya kuendesha leza, EzCad2 inafanya kazi, kwenye Windows tu, ila kadi ya majaribio utaipanga kwa mkono. LightBurn yenye leseni inayokubali leza za galvo (zenye vioo vinavyogeuza mwale, kama hii) inaipanga yenyewe. Weka UPS: umeme ukikatika katikati, bamba linapoa na kiungo kitaonekana hata ukiendelea kutoka mstari ule ule. Miwani iwe ya nanomita 1064, OD 6 (kipimo cha uwezo wa kuzuia mwanga) au zaidi, kwani mwanga huu hauonekani na chuma kinachong'aa kinaurudisha usoni. Miwani ya leza ya CO2 haikulindi. Moshi nao una kromiamu, kwa hiyo feni ya kuvuta na bomba la kutoa nje si vya hiari.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuchomee kadi ya rangi kwenye mashine hiyo hiyo, kwa lenzi hiyo hiyo, ukiwa umesimama pale, kwa bamba ulilokwenda nalo mwenyewe.