TAHADHARI: Tripu za "udongo mweusi wa bustani" hapa Tabora

Ndugu zetu mliohamia nyumba mpya na mnataka kutengeneza uwanja wa mbele kabla mvua za Novemba hazijashika, kuweni macho. Kuna wauzaji wanaopita mitaani wakitafuta nyumba zilizopakwa rangi karibuni, ambazo uwanja wake bado ni mchanga na vipande vya tofali. Wanakuja na bei moja ya jumla: udongo, nyasi za Pemba na miti ya mapambo, nusu ya hela mkononi. Msiitoe hiyo nusu.

Hasara kubwa iko kwenye udongo. Huo wanaousifu kuwa mweusi na wenye rutuba mara nyingi umechotwa mbugani, kwenye majaruba ya mpunga. Weusi peke yake hauonyeshi rutuba. Ule ni mfinyanzi: kiangazi unapasuka nyufa, mvua zikija unatuamisha maji mpaka mizizi ya nyasi inakosa hewa na kuoza. Chukua konzi moja, lowesha, ukande, kisha viringisha kamba nyembamba kama penseli na uikunje iwe pete. Pete ikishika bila kukatika, huo ni wa kufinyangia vyungu, urudishe.

Baya zaidi ni gugu liitwalo ndago. Udongo wa jaruba huja na vitunguu vya gugu hilo, vidogo, vyeusi, vigumu, vimeunganishwa na nyuzi chini kwa chini. Ukishamwaga udongo huo, kila ukipalilia unang'oa majani tu. Kitunguu kinabaki na kuchipua tena, na jembe likikata zile nyuzi kila kipande chenye kitunguu kinajitegemea. Dawa ya kuua magugu yote haisaidii hapo, maana inaondoka na nyasi ulizonunua. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba ndoo moja ya udongo uleule, iweke juani, mwagilia kila siku kwa wiki mbili. Kikichomoza kijani, kishike shina kwa vidole: shina la ndago lina pembe tatu. Muuzaji anayekataa kusubiri wiki mbili anajua anachouza.

Kisha kuna ujazo. "Tripu moja inatosha kabisa" si kipimo. Uwanja wa mita 5 kwa 8 ni mita za mraba 40. Udongo wa kina cha sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 4. Pima bodi la gari kwa futi kamba kabla halijamwaga: urefu mita 3, upana 1.8, kimo cha udongo 0.4, jumla ni 2.16 tu. Ukiutandaza unapata kama sentimita 5, na chini yake ni mchanga usioshika maji. Uulize pia samadi. Iliyooza vizuri haina joto wala harufu kali, na sehemu moja kwa nne za udongo inatosha. Mbichi inaunguza mizizi.

Nyasi nazo huuzwa kwa gunia, na gunia hujazwa majani yaliyofyekwa. Nunua kwa idadi ya vipando. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20, kila mita ya mraba inachukua 25, hivyo uwanja ule wa mita za mraba 40 unataka 1,000, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu na mizizi. Ingiza mkono katikati ya gunia: pakiwa pa moto, nyasi zimeanza kuvunda. Na anayekuhimiza upande Agosti akwambie maji yatatoka wapi, kwa sababu lita 5 kwa mita ya mraba ni madumu 10 ya lita 20 kila siku.

Miti ya mapambo, hasa miashoki: wengine huchomeka tawi bichi kwenye kiriba, likabaki kijani siku chache. Vuta shina taratibu. Likichomoka tupu, hakuna mche pale.

Malipo yafanyike mzigo ukishapimwa, kwa maandishi yenye mita, kina, idadi ya vipando na ahadi ya kurudishia vitakavyokufa ndani ya siku 30. Andika namba ya gari, na hakikisha jina linalotokea kwenye simu unapotuma hela ni la huyo aliyesimama mbele yako. Aliyekwisha kutapeliwa aende serikali ya mtaa na polisi na ule ujumbe wa muamala, asiufute.

Kama udongo wenye ndago umeshamwagwa, usipande kitu. Mwagilia ichipue, chimbua kwa uma wa shamba badala ya jembe, chekecha kwa wavu, vitunguu vianikwe kwenye sakafu kavu juani mpaka vikauke kabisa, kisha urudie. Jua la Septemba la hapa kwetu linaiweza kazi hiyo. Usivitupe kwenye lundo la samadi, vitarudi navyo uwanjani.