Uzoefu wangu: seva ya nyumbani kwa ThinkCentre M710q, Uyole, Mbeya

Anayetafuta kompyuta ya kufanya seva ya nyumbani (inayowaka muda wote kutunza mafaili na kuhudumia simu za nyumbani), Lenovo ThinkCentre M710q ya mtumba naipa alama za juu. Yangu ina prosesa ya i5-6500T na RAM ya GB 16. SSD ya M.2 (diski ndogo ya kasi) imebeba Debian, mfumo endeshi wa bure, diski ya inchi 2.5 imebeba mafaili. Ina ukubwa wa kitabu kinene, iko juu ya kabati sebuleni, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba feni yake huisikii.

Feni niliisikia Immich ilipoanza kuchambua picha. Programu hii inapokea picha za simu zote za nyumbani, inatambua sura na kumpanga kila mtu na picha zake. Mzigo wa kwanza ni mzito, prosesa ilichemka usiku kucha. Asubuhi mama akakuta picha zake zote mahali pamoja, hata zile za kipaimara zilizokuwa kwenye simu ya shangazi. Kwa hilo tu pesa yangu imerudi.

Pesa ya ziada iweke kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Umeme ukikatika ghafla, diski ndiyo inayoumia. Chukua UPS yenye waya wa USB, ili programu ya NUT isome chaji na kuizima seva taratibu kabla betri haijaisha. Halafu ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uchague mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, maana hutakuwepo nyumbani kila mara. Ruta nayo ichomeke hapohapo. Seva ikiwa imetulia inakula kama wati 10, kwa mwezi hazifiki uniti 8 za LUKU.

Kinachosumbua ni intaneti ya laini ya simu. Anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) mnachangia wateja wengi, hivyo ukiwa nje huifikii seva moja kwa moja. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, imelimaliza hilo. Mdogo wangu aliye chuo Iringa anatuma picha zake vizuri kabisa. Ila bando linaliwa kwake na kwetu, kwa hiyo video ndefu anakuja nazo likizo.

Ndani ya nyumba bando haliguswi. Kiwix, programu ya kusoma tovuti zilizohifadhiwa bila intaneti, inafungua Wikipedia ya Kiswahili kupitia Wi-Fi, na watoto wa jirani wanaitumia kwa kazi za shule. Picha nazikopi pia kwenye diski ya nje, ambayo inakaa kwa shangazi, huko Mwanjelwa.