Seva nzima Ujerumani kwa laki na kitu: sifa zao na lawama zangu

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa. Nalipa euro 39 kwa mwezi, ambazo kwa hela yetu zinacheza kati ya laki moja na elfu tano na laki moja na ishirini, inategemea shilingi imeamkaje. Kwa hela hiyo napata mashine nzima, si kipande: prosesa ya Xeon E3-1275 v5 yenye kori nne, RAM ya GB 64 aina ya ECC (inayojisahihisha makosa madogo), diski mbili za TB 4 kila moja, na laini ya gigabiti moja ambayo hawanihesabii ninachopitisha. Mashine iko Ujerumani. Kampuni siitaji jina. Nina sifa zao na nina lawama zao, na lawama ikishaambatana na jina, sifa huwa hazisomwi tena. Anayetaka kujua atanitafuta.

Kinachokaa humo ni tovuti ya mitihani iliyopita na notisi za sekondari. Siku za kawaida ni tovuti ya upole tu. Lakini mwishoni mwa Januari, NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima inaandika "matokeo" kwenye Google, na sehemu ya umati huo inanimwagikia mimi, ingawa matokeo yenyewe yako kwao na mimi nimeweka kiungo tu. Zamani nilikuwa kwenye hosting ya kuchangia hapahapa Dar. Ile ni kama kupanga kwenye nyumba yenye luku moja: siku ukichomeka pasi, wote wanajua ni nani. Asubuhi ya matokeo akaunti inafungwa, "umevuka kiwango cha prosesa", ukipiga simu unaambiwa kwa sauti ya asali kwamba wanalishughulikia. Watalishughulikia mpaka wazazi wa Namtumbo na wa Muleba wote wameshajua watoto wao wamepata divisheni gani.

Wapo walionishauri nichukue VPS, yaani kipande cha seva kinachojitegemea, yatoshe. Kwa prosesa ingetosha kweli. Kilichonisukuma ni diski. Mitihani mingi ya zamani haipo kama maandishi, ni picha za karatasi zilizoskaniwa, nyingine zimeskaniwa na walimu kwa simu, na PDF moja ya kurasa kumi na mbili inaweza kula MB 40 bila aibu. Maktaba ya namna hiyo ukiiweka kwenye VPS unalipia nafasi kwa kila gigabaiti, na ukipiga hesabu ya terabaiti mbili unajikuta unalipa kuliko mwenye mashine nzima.

Kujiunga hakukuwa na mambo mengi. Waliomba kitambulisho, nikatuma cha NIDA wakakikataa bila maelezo, nikatuma pasipoti ikapita siku hiyohiyo. Mashine yenyewe ni ya mtumba, yaani ilishatumiwa na wateja wengine, ndiyo maana hawatozi ada ya kufungiwa. Unakabidhiwa ikiwa tupu. Inawaka kwenye mfumo wa uokoaji, Linux ndogo inayopakiwa kupitia mtandao moja kwa moja kwenye RAM, na humo ndimo unamojifungia mfumo unaoutaka. Mimi nikaweka Debian, aina mojawapo ya Linux. Kabla ya hapo nilizichungulia diski kwa smartctl, amri inayosoma afya ya diski, kuona umri wao, na moja ikasema imeshawaka saa 41,000. Hiyo ni karibu miaka mitano bila kupumzika. Nikalitia hilo akilini.

Kitu kimoja kilichonichekesha: Debian hiyo, niliyoifunga kutoka kwenye nakala yao, ilikuja na huduma ya rpcbind ikisikiliza mlango (port) namba 111 kwa dunia nzima. Muda si muda nikapata barua pepe iliyopitia kwao lakini chimbuko lake ni ofisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia usalama wa mitandao, BSI, ikinifahamisha kwa heshima kwamba mlango wangu uko wazi na wahuni wanaweza kuutumia kuwapiga watu wengine. Serikali ya watu imeniona mimi wa Sinza. Nikaufunga, barua zikakoma.

Sasa lililonifanya niandike. Usiku mmoja wa Machi, saa nane na kitu, simu ikapokea ujumbe kutoka kwenye seva yenyewe: safu ya diski imepungukiwa. Nikaingia, nikafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya safu, na pale panapotakiwa kusomeka [UU], U moja kwa kila diski nzima, pakawa panasomeka [U_]. Yule mzee wa saa 41,000, ambaye kufikia hapo alishaongeza nyingine nyingi, amekata roho. Tovuti haikuzimika, kwa sababu diski zangu zimefungwa kwa RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Lakini kuanzia dakika ile maktaba nzima ilikuwa imeegemea diski moja, na hiyo nayo si kijana.

Fomu yao ya kuomba kubadilishiwa diski ndiyo iliyonionyesha kwamba hawa watu wanaijua kazi. Haikuulizi "eleza tatizo lako". Inataka namba ya diski mbovu, ile iliyochapwa kwenye lebo yake. Kama mbovu imekufa kiasi cha kutosomeka kabisa, inataka namba ya ile nzima, ili fundi ajue ipi asiiguse. Ukifikiri utaona hapo ndipo roho ya kazi yote ilipo: fundi wa zamu anatembea usiku kwenye ukumbi wenye mashine zinazofanana, anafungua moja, anakuta diski mbili zinazofanana. Akichomoa isiyo, mteja amebaki na maiti mkononi. Fomu inauliza pia kama wazime mashine sasa hivi au saa unayoitaka wewe, na mwisho ina kisanduku cha kutia alama kwamba unakubali data zinaweza kupotea. Nikatia alama roho ikiwa juu.

Kwao ilikuwa saa sita usiku. Haikupita nusu saa jibu likaja: diski imebadilishwa, mashine inawaka, tafadhali kagua. Basi. Hakuna pole, hakuna "mteja wetu mpendwa". Sisi tuliozoea salamu kwanza tunaweza kuona huo ni ukavu. Mimi saa ile niliona hiyo ndiyo salamu yenyewe.

Kuanzia hapo kazi ni yako, wao hawagusi kilichomo ndani. Unanakili mgawanyo wa diski nzima kwenda kwenye ngeni kwa sgdisk, unaiingiza kwenye safu kwa mdadm, unafungia grub, programu ya kuwashia mfumo, kwenye hiyo ngeni ili siku mwenzake naye akifa mashine iwe na pa kuwakia. Halafu unasubiri. TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kama saa saba na nusu, iwapo tovuti imelala. Yangu haikulala. Kulipokucha watoto wakaanza kupakua, kasi ikashuka, asilimia zikatambaa kama zinalipwa kwa saa, na [UU] ikarudi jioni jua likiwa linazama.

Ndipo nikaipima diski ngeni kwa smartctl. Saa 23,000! Walichomoa mtumba wakaweka mtumba. Nimerudi kusoma masharti na kweli wameandika kwamba watabadilisha kwa diski iliyopimwa na kufaa, hawakuahidi mpya. Sawa, sheria imewalinda. Lakini ile barua yao fupi ingeweza kuwa na sentensi moja zaidi inayotaja umri wa kitu walichoniwekea, badala ya kuniacha nigundue mwenyewe.

Lawama ya pili ni malipo. Wanakata kwenye kadi tarehe ileile kila mwezi. Kadi yangu ni ile ya kutengeneza kwenye simu, ambayo kama hujaijaza siku hiyo haina kitu, kwa hiyo kila mwezi inabidi niwawahi. Wakikosa wanatuma ankara ya kukumbusha, na ukiendelea kunyamaza wanafunga IP, anwani ya seva mtandaoni. Nimejaribu kuwauliza kama naweza kulipa miezi sita mbele nipumue. Jibu likawa hapana, mstari mmoja. Kwa upande mwingine hakuna mkataba wa mwaka, unaweza kuondoka mwezi wowote. Hosting zetu za hapa nyingi ni kinyume chake: zinataka za mwaka mzima kabla hujajua kama zinafaa.

Umbali. Watu hudhani seva ikiwa na nguvu basi tovuti itakuwa nyepesi. Kutoka Dar mpaka Ujerumani, hata ungepima kwa kamba angani, ni kama kilomita 7,000, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70, na mkongo haunyooki, unazunguka baharini. Kwangu ping, kipimo cha safari hiyo ya kwenda na kurudi, husoma milisekunde 150 hadi 180. Sasa kivinjari kabla hakijapata hata herufi ya kwanza kinafanya safari tatu: moja ya kufungua muunganisho, moja ya usimbaji, moja ya kuomba ukurasa. Nusu sekunde imeshakwenda, na hakuna Xeon ya kuirudisha. Nilichofanya ni kuweka mbele Cloudflare, kampuni inayotunza nakala za mafaili karibu na msomaji, ambao wana vituo Nairobi na Mombasa, na hizo PDF zinazopakuliwa sana zinatoka huko karibu. Kurasa zinazotengenezwa papo hapo, kama utafutaji, bado unausikia umbali.

Halafu kuna ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika huku kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seva yangu ilikuwa hai, haikuzimika hata sekunde, wanafunzi wa Ulaya na Marekani wenye asili ya huku walikuwa wanapakua kama kawaida. Wale niliowatengenezea tovuti ndio waliokuwa gizani. Kampuni haina kosa lolote hapo, lakini anayefikiria kuweka kitu cha malipo au cha hospitali aliweke hilo mezani kabla ya kuvutiwa na euro 39. Vilevile mwenye mfumo wa shule wenye majina na alama za wanafunzi asome kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana ina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Mimi humo nina karatasi za mitihani tu.

Na bekapu si kazi yao, wameandika wazi. RAID inakuokoa na diski kufa, haikuokoi na jengo kuungua, na majengo huungua: tarehe 10 Machi 2021 kituo kimoja cha OVH, kampuni ya seva ya Ufaransa, pale Strasbourg kiliteketea chote, na wapo waliopoteza tovuti moja kwa moja kwa sababu nakala zao zilikuwa humohumo. Yangu moja iko kwa kampuni nyingine, Finland, na nyingine kwenye diski ya nje ndani ya kabati langu, ambayo kwa umeme wetu huu naiwasha kwa tahadhari.

Kama hujui Linux usichukue. Hakuna cPanel, ile paneli ya kuendesha tovuti kwa kubofya, hakuna wa kumpigia simu, na ukituma ombi la msaada la "tovuti yangu haifunguki" watakujibu kwamba mashine inawaka. Mwenye duka la mtandaoni na kurasa ishirini abaki kwenye hosting ya kuchangia, apokee pole zake kwa simu.

Mwezi uliopita niliwaandikia kuuliza kama naweza kuwekewa diski mpya kabisa nikiwa tayari kuongeza hela. Wakajibu usiku uleule: inawezekana, ada ni ya mara moja kwa kila diski, sema ipi na saa ngapi. Nimewapa namba ya ile ya 23,000. Nyingine nasubiri ife yenyewe.