Alama ya Kijani Hailipi Deni: Uchambuzi wa Programu ya Kulipia Kadi ya Mkopo

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani mnaona simu mbili, nami nimeziweka mbili kwa makusudi. Ya kulia ina programu ya malipo ambayo nimeitumia kulipia bili ya kadi yangu ya mkopo kwa miezi saba sasa, na ya kushoto ina programu ya benki iliyonipa kadi hiyo. Jina la programu ya malipo sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakayowaonyesha nimeikuta katika programu tatu tofauti, na sipendi mtu aondoke hapa akidhani kwamba akihama moja kwenda nyingine atakuwa amepona. Mambo ya kujisajili, kuunganisha akaunti na kuweka namba ya siri nayaruka, maana wengi wenu mmekwisha kuyafanya mara nyingi.

Nianze na kilichonikera, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nirekodi video hii. Miezi miwili iliyopita bili yangu ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kulipa iliyoangukia siku ya Jumapili. Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini usiku, nilifungua programu hii, nikachagua kadi, nikaingiza kiasi chote kilichoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, nikathibitisha. Zilipita sekunde chache tu, kisha skrini nzima ikageuka kijani, ikatokea alama kubwa ya vema na chini yake maneno mawili: «Malipo yamekamilika.» Nikaiweka simu chini nikiwa na amani kabisa. Jumanne mchana benki ikanitumia ujumbe kwamba malipo yangu yamepokelewa, na ujumbe uliofuata ukanijulisha kwamba nimetozwa ada ya kuchelewa pamoja na riba. Nilikuwa nimelipa siku mbili kabla ya tarehe, na bado kwa hesabu za benki nilikuwa mdaiwa aliyechelewa.

Sasa sitaki mniamini kwa maneno matupu, hivyo nimeamua kulirudia jambo lenyewe mbele yenu. Tazameni simu ya kulia. Nabonyeza jina la kadi, naingiza kiasi kidogo cha majaribio, nathibitisha kwa alama ya kidole, na hiyo hapo, skrini ya kijani imekuja, alama ya vema imejichora polepole kwa madaha, na maneno ni yale yale. Sasa geuzeni macho kwenye simu ya kushoto. Naburuta skrini chini ili isome upya, deni ni lile lile. Naburuta tena, hakuna kilichobadilika hata senti moja. Nirudi kulia, kwa sababu hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlione kwa karibu. Kwenye kona ya juu kuna vitone vitatu vidogo ambavyo mtu asiyevitafuta hawezi kuviona. Nikivibonyeza, linafunguka dirisha lenye namba ya kumbukumbu ya muamala, saa ya muamala, na mstari wa mwisho kabisa, ulioandikwa kwa herufi ndogo za kijivu: «Hali: imetumwa kwa mpokeaji.» Haikuandikwa imepokelewa, imeandikwa imetumwa. Kwa hiyo programu yenyewe inajua kwamba fedha ziko njiani, na pamoja na kujua hivyo imechagua kuutangaza mwisho wa safari kwa rangi ya kijani na kuuficha ukweli nyuma ya vitone vitatu. Hilo ndilo linaloniudhi, wala si kucheleweshwa kwa fedha peke yake.

Kucheleweshwa kwenyewe kuna sababu zinazoeleweka, na ni haki nizieleze. Unapothibitisha malipo, kinachokamilika papo hapo ni upande mmoja tu, yaani fedha kutoka kwenye akaunti yako au pochi yako ya simu kwenda mikononi mwa kampuni ya malipo. Baada ya hapo kampuni hiyo inapaswa kuzipeleka kwa benki iliyotoa kadi, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia benki yake, ama kupitia mfumo wa pamoja wa bili, na mara nyingi miamala mingi hukusanywa na kupelekwa kwa mkupuo mmoja. Mahali ambapo mifumo ya kuhamisha fedha kati ya benki hupumzika mwisho wa wiki na sikukuu, fedha za Ijumaa usiku huanza safari Jumatatu. Hata zikifika, benki nyingi hufunga hesabu za kadi mara moja kwa siku, hivyo fedha zinaweza kuwa zimekwisha kuingia benki huku leja ya kadi, yaani daftari la hesabu za kadi yako, bado haijazitambua.

Na siku inayohesabika kisheria kwa kawaida ni siku ya kupokelewa. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni zinazosimamia kadi za mkopo zinamtaka mtoaji wa kadi ayahesabu malipo kuanzia siku alipoyapokea, na siku aliyoyapokea si siku wewe ulipobonyeza kitufe. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba malipo yaliyokuja kwa njia isiyofuata maelekezo ya mtoaji wa kadi, endapo atayakubali, anaruhusiwa kuyaingiza ndani ya siku tano tangu kuyapokea. Siku tano, watazamaji, zinatosha kabisa kumfanya mtu mwaminifu aonekane mkaidi wa kulipa. Ndiyo maana kila ninapoulizwa kama programu fulani ni nzuri kwa kulipia kadi, swali langu la kwanza ni kama benki yako inaitambua programu hiyo katika orodha ya njia zake za malipo.

India wamelishughulikia jambo hili kwa namna ambayo naiona ya maana. Benki Kuu ya nchi hiyo iliagiza kwamba baada ya Juni 30, 2024, malipo ya bili za kadi ya mkopo yanayofanywa kupitia kampuni nyingine yapite kwenye mfumo mmoja wa taifa, unaoitwa Bharat Bill Payment System. Njia ikiwa moja na inayosimamiwa, ni rahisi zaidi kujua malipo yamefikia hatua gani, na ni vigumu zaidi kwa kampuni kusema haijui yalikokwama.

Wiki iliyopita nilijaribu programu nyingine, mshindani wa hii, na nakiri ilinifurahisha. Kabla hujathibitisha, inakuandikia kwa herufi kubwa: «Benki yako inatarajiwa kuyapokea malipo haya tarehe fulani,» na kama tarehe hiyo inapita tarehe ya mwisho ya bili, maandishi yanakuwa mekundu na inakuuliza kama bado unataka kuendelea. Ukishalipa, badala ya alama moja ya vema unaona mstari wenye vituo vitatu: fedha zimekatwa kwako, zimetumwa, zimepokelewa na benki. Kituo cha tatu kilibaki kijivu kwa siku nzima katika jaribio langu, lakini kijivu kile kilinipa taarifa ya kweli, nami nikajua kwamba bado sijamaliza.

Hata hivyo, siwezi kuwa mkali kupita kiasi kwa programu hii ya kulia, kwa kuwa kuna jambo moja inalolifanya vizuri kuliko yule mshindani, nalo ni kuileta bili yenyewe. Ukishaiunganisha kadi, inasoma kiasi unachodaiwa na tarehe yake kutoka benki, na huhitaji kuandika namba ya kadi kila mwezi. Mshindani anataka uandike tarakimu zote kumi na sita, na hapo kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Tarakimu ya mwisho ya kadi huwa ni ya ukaguzi, na inakokotolewa kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeomba hataza yake mwaka 1954. Ukihesabu kutoka kulia, kila tarakimu ya pili inazidishwa kwa mbili, jibu likizidi tisa unaondoa tisa, kisha unajumlisha zote, na jumla lazima igawanyike kwa kumi. Kanuni hii inanasa kosa lolote la tarakimu moja, na inanasa karibu kila kosa la kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani, isipokuwa moja: ukiandika 90 mahali pa 09. Sababu ni rahisi. Sifuri ikizidishwa kwa mbili inabaki sifuri, na tisa ikizidishwa inakuwa kumi na nane, ukiondoa tisa unarudi kwenye tisa ile ile, hivyo jumla haibadiliki hata ukizigeuza. Kadi yangu ina 0 na 9 zilizokaa jirani. Nilizigeuza makusudi kwenye programu ya mshindani nikafika hadi ukurasa wa kuthibitisha bila onyo lolote, kisha nikarudi nyuma haraka. Namba kama hiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine, na kama si ya mtu yeyote, fedha zitazunguka kwa siku kadhaa kabla ya kurejeshwa, huku tarehe ya bili yako ikipita.

Kuna kero nyingine kwenye ukurasa wa kiasi. Programu ya kulia inaleta chaguo tatu, yaani kiasi cha chini ambacho benki inakutaka ulipe, salio la taarifa, maana yake deni lote lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, na kiasi unachotaka mwenyewe, na chaguo lililokwisha kutiwa alama kabla hujagusa kitu ni kiasi cha chini. Chukulieni deni la 60,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kiasi cha chini cha asilimia 5. Utalipa 3,000, lakini 1,800 kati ya hizo ni riba, na deni lenyewe limepungua kwa 1,200 tu. Anayebonyeza haraka akiwa kwenye foleni ataona alama ile ile ya kijani sawa na aliyelipa deni lote, na atapoteza zile siku zisizo na riba ambazo kadi nyingi humpa anayelipa salio la taarifa kikamilifu. Naomba sana, kabla ya kuthibitisha, msome namba na si rangi.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Ukilipa kutoka akaunti ya benki, programu hii haikati chochote, lakini ukilipa kutoka pochi ya simu inakata asilimia moja na nusu. Kwenye bili ya 10,000 hiyo ni 150 kila mwezi, na kwa mwaka ni 1,800, wakati pointi inazokupa kama zawadi hazifiki hata robo ya hizo. Kwa hiyo wanaotumia programu hii kwa ajili ya pointi nawashauri wakae chini wapige hesabu upya.

Mmeniuliza mara nyingi kuhusu malipo ya kila mwezi yanayojifanya yenyewe bila kubonyeza kitu. Video inayofuata itakuwa ya hilo peke yake, nami nimekwisha kuanza majaribio kwa kutumia agizo lililowekwa ndani ya programu ya benki na lingine lililowekwa kwenye programu ya malipo, ili tuone lipi linafika kwanza.

Je, naipendekeza programu hii? Nilipoanza kuandaa video nilikusudia kusema hapana, na kwa mtu anayelipa siku mbili au moja kabla ya tarehe bado nasema hapana, atumie programu ya benki yake mwenyewe. Kwa mtu anayelipa wiki nzima kabla, kutoka akaunti ya benki, akiwa ameiunganisha kadi badala ya kuandika namba, inafaa, na urahisi wake wa kuleta bili ni wa kweli. Mimi nitaendelea nayo kwa masharti hayo, na kila nikilipa nafungua vile vitone vitatu, nanakili namba ya kumbukumbu kwenye daftari hili mnaloliona, na sifuti mstari huo mpaka benki yenyewe iseme imepokea. Yale malipo ya majaribio niliyoyafanya mwanzoni mwa video bado hayajafika kwenye simu ya kushoto, nimeburuta skrini sasa hivi, na mstari wake bado uko wazi kwenye daftari.