Kuzima seva: kwa amri au kwa kuchomoa waya?

Stima ikipotea hapa Nairobi na UPS (betri ya akiba) ikianza kulia, wengi hukimbilia waya. Mimi huandika poweroff. Linux yenye systemd (msimamizi wa huduma) hutuma SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ijifunge: programu inamaliza kuandika, inafunga soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao), na kifurushi cha FIN kinaiaga kompyuta ya upande wa pili. Isiyotii kwa kawaida hungojewa sekunde 90, kisha SIGKILL, inayoiua papo hapo. Ila mtandao usitangulie kuzimwa, la sivyo dirisha la SSH (la kuendesha seva kwa mbali) la mwenzako litaganda tu.

Ukichomoa waya, hakuna anayeaga. Upande wa pili unadhani bado mko pamoja; hata TCP (itifaki ya muunganisho huo) ikiwekewa kujulia hali, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7200 za kimya kabla ya kuuliza. Saa mbili nzima! Kwa seva ya hifadhidata, sikubali kamwe.