Nilikodi ukumbi wa chuo Mtwara kwa kwaya na ngoma: uzoefu wangu

Kabla hujalipia, ingia ukumbini peke yako, simama katikati, piga kofi moja. Mimi nilipiga nikiwa nimeshalipa, na kofi likaendelea kuzunguka kule juu kama njiwa aliyekosa dirisha la kutokea. Hapo hapo nikajua kwaya yangu imepata ukumbi, na wazee wa ngoma nimewatia matatani.

Nafundisha kwaya ya mtaani hapa Mtwara mjini. Tuliamua kufanya onyesho moja na kikundi cha ngoma kutoka upande wa Newala: sindimba, ngongoti (anayecheza juu ya miti mirefu) na lipiko mmoja, yaani mchezaji wa kinyago. Kumbi za harusi zipo, lakini mtu akiingia ukumbi wa harusi amekuja kula, utaimba huku sahani zinagongana. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ni mkubwa mno kwa waimbaji 24 wasio na kinanda. Ndiyo tukaangukia ukumbi wa chuo kimoja, jina naliacha. Viti kama 400, laki nne kwa siku, amana laki moja, siku ya mazoezi nusu bei. Si hela ndogo, ila tulipanga Novemba, korosho zikiwa zimeanza kuuzwa na mifukoni mwa watu kuna chochote.

Chini ni marumaru, kuta zimepakwa rangi ya mafuta, madirisha ni vioo vitupu, dari la jipsamu. Kila kitu kigumu, hakuna kinachomeza sauti. Kwaya yangu ilipoanza mazoezi, sauti ya pili waliposhika noti ndefu na kunyamaza, noti ilibaki hewani, na wale akina mama wakatazamana wakicheka. Hawajawahi kujisikia wazuri hivyo. Zikaja ngoma. Pigo la kwanza halijafa, la tano limefika, na ngoma tatu ambazo uwanjani unazitofautisha ukiwa mbali zikawa uji.

Tusiwaseme wajenzi wetu peke yao. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara kwenye jumba la sanaa la Fogg ambao mhadhiri hasikiki, neno moja lilikuwa linavuma sekunde tano na zaidi. Wakamtuma mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alikuwa akihamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi wa jirani, anaipanga, anapima sauti inachukua muda gani kufa, na kabla ya asubuhi anairudisha. Kutoka kwenye mito hiyo ikapatikana kanuni: ukumbi ukiwa mkubwa sauti inakawia, ukiongeza vitu laini inakufa mapema. Watu nao ni vitu laini. Kanuni hiyo ilitumika kwenye ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900, na hadi leo unasifiwa.

Sisi mito hatukuwa nayo. Tuliazima mikeka kwa majirani, na wanafunzi wakatushushia magodoro sita ya hosteli, tukayasimamisha ukuta wa nyuma na kuyafunika vitenge. Vitenge vilipendezesha tu, kazi waliifanya mikeka na magodoro. Pigo likaanza kusikika kama pigo.

Kilichonichekesha na kuniudhi pamoja ni moto. Ngozi ya ngoma ikinyonya unyevu wa pwani inalegea, lazima iote moto kabla ya kupigwa. Wazee wakaenda nyuma ya jengo na makuti yao makavu. Mlinzi akafika mbio.

"Shikamoo mzee. Moto hapa hauruhusiwi."

"Marahaba mwanangu. Ngoma isiyoota moto ni ndoo tu hiyo. Tutawapigia watu ndoo?"

Kijana wa watu alikuwa na adabu, lakini hakulegeza. Mwishowe tukakubaliana wakaote nje ya geti, kwa mama muuza mihogo, halafu vijana wanakimbiza ngoma ukumbini zikiwa bado moto. Wakati wa kipindi wamekwenda na kurudi mara tatu. Ukumbi unaojiita wa sanaa, Kusini hii, ungetengewa hata kona ya mchanga ya kuwashia makuti.

Ngongoti ndiyo ilinitoa jasho. Aliyesimama juu ya miti, kichwa chake kinafika kwenye mapanga ya feni, na marumaru hayana huruma. Tulizima feni zote za mbele, vijana wakafunga vipande vya tairi chini ya miti. Alicheza dakika mbili akiwa ameinama, akatoka mlangoni, akamalizia uwanjani na nusu ya watazamaji wakamfuata.

Halafu kuna jambo sikulifikiria kabisa. Sindimba kijijini inazungukwa, watu wako pande zote, na aliyechoka kutazama anaingia kucheza. Jukwaani ngoma inapata mgongo. Bibi mmoja mchezaji aliniuliza siku ya mazoezi, "Sasa mwalimu, huku nyuma nacheza na ukuta?" Sikuwa na jibu. Tukashusha wachezaji chini, tukasogeza viti vya mbele vikawa nusu duara, na mambo yakakaa sawa. Jukwaa tukawaachia kwaya.

Chumba cha kubadilishia nguo kipo kimoja. Kwa kwaya mnapeana zamu. Kwa lipiko haiwezekani, kwa sababu mwenye kuvaa sura ile haonwi akivaa, hasa na wanawake. Alivalia kwenye stoo ya viti, mzee mmoja amesimama mlangoni.

Onyesho lenyewe? Saa mbili na robo usiku umeme ukakatika, katikati ya wimbo. Jenereta ipo, ila mafuta ni juu yako, na hilo nililiambiwa wakati huo. Kwaya haikuacha kuimba. Kwa dakika kama kumi watu mia tatu walikaa gizani kimya wakisikiliza bila spika wala maiki, na hata safu ya mwisho iliyapata maneno. Ukumbi ukijaa watu, ule mwangwi wa mchana unabaki kiasi kinachofaa. Baadaye mwanafunzi mmoja wa Tandahimba aliniambia nyimbo za sindimba amezisikia tangu mtoto, ila hakuwahi kukaa akafuata bibi yake anasema nini.

Ndiyo maana nitarudi, pamoja na kero zote. Wenye umri wangu wanalikumbuka jengo la Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye noti ya shilingi 500, kabla haijawa sarafu. Kumbi za vyuo zimebeba hotuba, mahafali na michezo ya kuigiza, na kwa mji usio na jumba la sanaa ndizo zilizopo. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, lakini kumpeleka huko mzee wa miaka sabini na ngoma zake ni siku nzima barabarani.

Ukienda, mikataba isome. Uliza mafuta ya jenereta, uliza funguo za vyoo zinakaa kwa nani (zetu zilikuwa kwa mtu aliyekwenda Masasi), na fundi mitambo wao mlipe nusu, nyingine baada. Amana yangu ilirudi wiki ya tatu, pungufu ya elfu ishirini za marumaru moja iliyopasuka. Marumaru hiyo niliikuta imepasuka siku ya mazoezi. Nina picha.